Shajara ya duka la leso: vile tunavyojaribu lisifungwe

Januari, mwisho wa mwezi

Nimeamua niwe naandika hapa kwa sababu kila nikikutana na mtu naulizwa lile duka limefikia wapi, na kila mmoja namjibu nusu nusu. Duka lenyewe ni lile la leso, yaani kanga, na vikoi, kwenye kichochoro cha kutokea Biashara Street upande wa Mji wa Kale, Mombasa, jina sitalitaja maana Mzee mwenyewe hataki. Mimi si ndugu yao na sina hata shilingi yangu ndani ya ile biashara, ni mteja tu. Bibi yangu alikua akinunua hapo, mamangu vile vile, na kisutu, ile leso ya harusi, nilichofungwa siku ya harusi yangu kilitoka kabati ya juu ya upande wa kushoto, ile kabati naijua kuliko ninavyozijua za nyumbani kwangu.

Sasa mwisho wa mwaka Mzee akaniambia akimaliza mzigo uliobaki arudisha funguo. Kodi mwenye nyumba ataka kuipandisha, watoto wana kazi zao Nairobi na nje, wasichana wapita mlangoni kwake wakienda kutafuta madera, na magoti yake hayamruhusu tena kupanda ngazi ya makabati ya juu. Hakulalamika, alikua ameshakata shauri. Nikamuomba asubiri mpaka Idd ipite. Akanambia, "Haya mwanangu, nasubiri, lakini usinijie na maneno matupu."

Kwaiyo kazi imeanza. Tuko mimi, mpwa wake Mzee ambaye yuko chuo na huja jioni, na akina mama wa chama chetu walioahidi kusaidia. Kwanza tujue ndani mna nini, alafu tuangalie habari ya kodi, alafu duka lirudi kuuza vizuri. Hilo la mwisho kwangu ndilo kubwa.

Februari

Kuna mtu wa maana sana, namuheshimu, aliposikia akasema leso za zamani tuzipeleke makumbusho zikae salama na duka tuliache liende. Nimelifikiria sana hili. Fort Jesus iko hapo karibu, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na sina neno na kazi yao, vitu vingi vya pwani vingepotea bila wao. Lakini leso kwenye kioo itaonekana rangi na jina bas. Kitakachokosekana ni Mzee kukuuliza "wampa nani?" kabla hajanyosha mkono kwenye shelfu.

Nieleze kwa asiyewahi kununua kwake. Juzi alikuja msichana mmoja, harusi yake iko karibu, ataka leso ya kumpelekea mama mkwe. Akapenda moja nzuri kweli, nyekundu na nyeupe, pindo la mikorosho, imeandikwa NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Mzee akamuuliza wampa nani. "Mamake mume wangu." Mzee akaikunja polepole akairudisha, akasema hiyo siwezi kukuuzia leo mama, njoo uichukue ukishazaa mtoto wa pili. Msichana akacheka mpaka akaegemea kaunta. Akatolewa WEMA HAUOZI, rangi za samawati na machungwa, na Mzee akamueleza aipeleke imekwisha pindwa, asipeleke na makali ya kiwandani, na aipeleke mkononi mwenyewe asitume mtu. Bei ilikua ile ile moja. Hii ndo biashara yake, na hii huwezi kuikunja ukaiweka kwenye sanduku.

Kwaiyo jibu langu kwa yule mheshimiwa nikamwambia kwa adabu, tutaandika kila kitu, tutapiga picha, hata tukipewa ushauri na watu wa makumbusho tutashukuru, lakini mlango unabaki wazi.

Februari, bado

Kusajili leso kumeanza. Nieleze tunavyofanya labda mtu mwengine ana duka la aina hii kwao.

Leso ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji hapo katikati, na ina jina, yaani maneno, kwenye kisanduku upande wa chini wa mji. Huja mbili mbili zimeshikana, doti, ukinunua ndo zinakatwa. Lakini kuna kitu watu wengi hawakiangalii: pembezoni kabisa mwa pindo, kwa maandishi madogo, leso nyingi zimechapwa alama ya mwenye mali na namba ya mchoro. Ile namba ndio iliyotuokoa. Ukiwa na alama na namba waweza kujua leso mbili zenye maneno tofauti ni mchoro mmoja, au maneno mamoja yamechapwa kwenye michoro mingapi. Mpwa ametengeneza ekseli, kila doti ina mstari wake: alama, namba, jina herufi kwa herufi hata kama limekosewa, rangi, pamba au si pamba, hali yake, na kabati iliyotoka. Alafu safu ya mwisho inaitwa "Mzee asemaje", hiyo ndo ndefu kushinda zote.

Picha twapiga asubuhi mapema mlangoni kabla jua halijaingia kichochoroni, tumefunga kamba toka bawaba moja mpaka nyengine, leso yaning'inizwa na vibanio pembeni kabisa kwenye sehemu isiyochapwa. Picha moja nzima, moja ya jina, moja ya ile namba. Mbele na nyuma. Nyuma ni muhimu, leso iliyochapwa vizuri rangi hupenya mpaka upande wa pili, ya ovyo nyuma huwa imepauka.

Watu huuliza hizi leso zimetoka wapi. Zilizo humu zimetoka kila pahali. Enzi za wazee zilichapwa Uingereza, Uholanzi, baadae Japani na India, alafu viwanda vya huku vikaingia, Rivatex Eldoret kwa upande wetu, na Tanzania walikua na Urafiki pale Dar tangu 1968, wakaja na wengine wengi. Mzee akishika kitambaa kwa vidole viwili anajua ni cha India au cha Dar, mpwa alimjaribu kwa kumfumba macho, na akipinda kichwa kidogo ujue bado yuwafikiri.

Na tusisahau tuko mtaa gani. Hapa Biashara Street ndipo walipo Kaderdina Hajee Essak, wale wa alama ya Mali ya Abdulla, walioanza biashara tangu 1887, na hao wangali wapo wanauza. Duka letu ni dogo mno mbele yao, ila Mzee kila tukiwataja anasema jirani mwenye biashara nzuri ni baraka, mteja akikosa kwake hupita kwangu.

Ramadhani, kumi la mwisho

Hakuna aliyesajili kitu. Biashara Street nzima haipitiki, kuanzia baada ya asri mpaka usiku wa manane watu wamebanana, watoto wanunua kofia, kina baba wajaribu kanzu juu ya shati, mafundi wa kupinda leso wamepanga vyerehani barazani na kila mmoja ana rundo. Nimesimama kaunta na mpwa, Mzee ameketi kwenye kiti chake anaelekeza. "Ya tatu toka chini. Siyo hiyo, jirani yake."

Tuliamua kitu kimoja kabla Ramadhani haijaingia: zile taa za zamani zilizokua zamfanya mtu aone kila rangi ni kijivu tuzibadilishe. Fundi wa umeme, mwana wa mmoja wa kina mama wa chama, akaweka taa nyeupe nzuri na akafunga nyaya upya zilizokua zimeliwa na panya. Tofauti uliiona usiku wa kwanza tu. Watu wasimama nje waangalia, wanaingia. Malipo mengi yalikuja kwa simu, na Mzee ambaye mwaka wote alikua akisema pesa ya simu haishikiki sasa yeye mwenyewe ndie ausomaye ule ujumbe kwa sauti, "imeingia, mama, nenda na amani."

Alafu picha tulizopiga zikatusaidia pasipo kutarajia. Mpwa aliweka chache kwenye status ya WhatsApp, ikafika Muscat, kuna jamaa zetu kule, wakatuma oda. Wa Oman wataka pamba tupu, hawataki mchezo na hilo.

Baada ya Idd

Kodi. Hapa niseme polepole kwa sababu wengi hawaijui hii na wanatolewa madukani bure.

Mzee hana mkataba wa maandishi, amekua akilipa mwezi kwa mwezi miaka na miaka, na alidhani hiyo ndo yamfanya hana haki. Kumbe ni kinyume. Kenya kuna sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, na mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, huyo analindwa. Mwenye nyumba hawezi kumuamkia asubuhi na bei mpya. Ni lazima atoe notisi ya maandishi kwa fomu yake maalum, isiyopungua miezi 2, na mpangaji asiyekubali anaweza kwenda kwenye tribunali ya kodi za majengo ya biashara kabla ya ile notisi kufika tarehe yake. Wakili mmoja kijana alitusomea bila kututoza, Mungu amlipe.

Mzee hakutaka kwenda tribunali. Akasema mimi na baba yake mwenye nyumba tumeswali safu moja, ntaenda nyumbani kwake. Tukaenda pamoja, na mpwa kabeba ile karatasi ya sheria mfukoni ila haikutolewa. Wakaongea kahawa ikamalizika ikaletwa nyengine. Wamekubaliana kodi ipande kidogo kidogo na mara hii iandikwe. Mi nafurahi kwamba haikufika kwenye kesi, lakini nawaambia pia, sauti ya Mzee siku ile ilikua na uzito kwa sababu alijua sheria iko upande wake.

Mei, masika

Mvua. Ukuta wa nyuma umetoa unyevu mpaka kwenye kabati ya chini. Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mkoko, na kuna wakati mtu alipiga plasta ya saruji juu ya ukuta akidhani aukaza. Ukuta wa chokaa unapumua, maji yakiingia hutoka, ukiufunika na saruji maji yabaki ndani yatafuta pa kutokea na chumvi yake, na yametokea kwenye leso zetu. Fundi wa chokaa ameibandua saruji, anasubiri ukuta ukauke ndio apige chokaa. Kwa wenye nyumba Mji wa Kale: eneo limehifadhiwa, kuna ofisi ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, piteni hapo kabla hamjagusa, wanashauri vizuri na wanajua mafundi.

Zilizopata unyevu tumezitoa zote. Leso mpya ina wanga, ndo ule ugumu wake wa dukani, na wanga ni chakula cha mende na wale wadudu wa fedha wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Zile za kuuza tumezianika kivulini tukazirudisha kwenye kabati za juu. Zile ambazo zimebaki moja moja, ambazo Mzee amesema hizi haziuzwi tena, tumezifua kwa maji matupu wanga utoke, ila kwanza twajaribu kona na kitambaa cheupe kilicholowa tuone kama rangi itatoka, na yenye kutoa rangi haifuliwi. Alafu hazikunjwi kwenye mkunjo wake wa zamani maana hapo ndipo zinapokatika. Tumeziviringisha kwenye mirija ya karatasi ngumu tuliyopewa na maduka ya vitambaa, lakini mrija kwanza twaufunika na marekani iliyofuliwa, ile pamba nzito isiyopaushwa. Hii marekani ilikua ikiletwa Zanzibar na meli za Wamarekani karne ya 19, wazee wetu waliivaa, na Mzee alifurahi sana tulipoichagua, akasema hiyo ni mama wa vitambaa vyote humu ndani.

Kati ya hizo za moja moja kuna kadhaa ambazo jina lake ni Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, vile zilivyokua zikichapwa kabla ya herufi tunazotumia sasa. Mimi nasoma msahafu lakini hizi zinashinda, herufi zimepambwa zikaingiliana, na i na e zaandikwa namna moja, u na o vile vile. Tumempelekea bi mmoja mtu mzima, mwalimu wa chuoni, yaani madrasa, akavaa miwani akazisoma kwa sauti mara ya kwanza kama ilivyo, mara ya pili akibadilisha, mpaka ghafla maneno yakakaa na yeye mwenyewe akapiga kofi. Moja ilimfanya anyamaze kidogo alafu akasema hii mamangu alikua nayo. Imeandikwa kwenye ile safu ya mwisho.

Juni

Tumefikia lile ninalolitaka kuliko yote. Kwenye kusajili tumekuta michoro ambayo ni ya duka lenyewe, alama yao, marehemu baba yake Mzee alikua akiagiza ichapwe kwa ajili yake. Mmoja wapo ni mzuri wa kutisha, pindo nyeusi na nyekundu, mji wa maua madogo madogo, na jina lake JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Imebaki doti moja tu, mbovu upande mmoja. Nataka ichapwe tena.

Shida ni kwamba kiwanda hakichapi doti kumi. Wataka oda kubwa ndio waanze kutengeneza skrini za kuchapia, maana kila rangi ina skrini yake. Mzee hana mtaji wa kulaza. Bas chama ndo kimeingia hapa, kina mama wanadunduliza, kila mmoja alipa pole pole doti yake, na kuna harusi mbili mwaka huu zimekubali kuifanya sare. Pesa zakaa kwa mweka hazina wetu na daftari liko wazi kaunta, yeyote aliyelipa ana haki ya kulifungua.

Sampuli ya kitambaa cha kwanza ikaja, imeandikwa pamba asilimia mia. Mzee akachomoa uzi mmoja pembeni, akauchoma kwa kiberiti. Pamba huungua mara moja, hunuka karatasi, hubaki jivu laini la kupulizika. Huu uliyeyuka ukajikunja ukawa kidonge kigumu cheusi. Akaniwekea kwenye kiganja nikishike kilipopoa, hakusema kitu. Sampuli ikarudi ilikotoka. Leso ya plastiki haifyonzi jasho, haibebi mtoto vizuri, na kwenye joto la hapa ni adhabu. Ni rahisi ndiyo, naelewa kwa nini mtu hununua, sina lawama kwa anayenunua. Lakini hii yetu itakua pamba au haichapwi.

Watu wameuliza kwa nini hatuweki picha zote za leso za zamani hadharani kila mtu azione. Ni kwa sababu hapa mchoro waibiwa siku moja, mtu apiga picha dukani, wiki chache baadae umechapwa kwengine bila alama. Na mingi ya ile michoro ni mali ya watu wengine wenye alama zao. Kwaiyo orodha yote iko dukani kwenye kompyuta ya mpwa na nakala kwangu, anayetaka kuona aje, aketi, apewe kahawa.

Julai, kusi limeingia

Mpwa sasa huketi kaunta siku tatu kwa wiki, na Mzee amemuachia auze peke yake asubuhi. Nimemsikia juzi mwenyewe, mama mmoja kaonyesha HASIDI HANA SABABU, kijana akauliza "wampa nani?" Yule mama akasema yake mwenyewe, ya kuvaa jirani yake aisome. Kijana akamgeukia Mzee, Mzee akatazama dari. Bas kijana akaikata, kuanzia na mkasi kidogo alafu akaipasua kwa mkono mpaka mwisho, ikanyooka.

Ukuta umekauka, chokaa imepigwa, kabati ya chini inarudi wiki hii. Kitambaa cha pili kimekuja na uzi wake umeungua vizuri, pamba kweli. Rangi ndo bado, nyekundu yao ina uchungwa ndani, tumeipeleka mlangoni kwenye mwanga tukaiweka kando ya ile doti ya zamani na kila mtu aliona. Tumewarudishia na kipande cha pindo la zamani tulichokikata upande ule mbovu, waulinganishe.

Kuna mjadala kuhusu jina, wadogo kwenye chama wanataka maneno mapya, wakubwa na Mzee wanataka libaki lile lile. Mimi niko na wakubwa kwa hii ya kwanza. Tumekubaliana ikiisha na ikauzika, inayofuata wadogo watachagua jina, ila Mzee alipitishe kwanza.

Anayetaka kuingia kwenye oda bado nafasi ipo, pita dukani umuone mpwa akuandike kwenye daftari, au mwambie yeyote wa chama. Semeni kabisa ni doti ngapi na kama mwataka zipindwe, mafundi wa barazani wameomba wajulishwe mapema maana zikija zote pamoja karibu na harusi hawatamudu.